Rangi, mguso au muundo: uanzie wapi kuisoma The Hay Wain?

Umepewa picha moja ya mandhari ya karne ya 19, kurasa tatu za kujaza na siku nne. Umeitazama mpaka macho yanauma, na bado ukurasa wa kwanza unasema kuna nyumba, kuna miti, kuna mto. Anayekwama hapo mara nyingi anaona vizuri tu. Kinachomkwamisha ni kutaka kueleza rangi, namna ilivyopakwa, na mpangilio wa vitu, vyote ndani ya aya moja. Mshika mawili moja humponyoka, na huyu ameshika matatu.

Makala haya yanazilinganisha njia hizo tatu kama milango ya kuingilia. Zote tutazijaribu kwenye picha moja, The Hay Wain ya Mwingereza John Constable, ya mwaka 1821. Pembeni tutachungulia kazi za wachoraji wengine watatu, kwa sababu mlango unaofungua kwa Constable unaweza kugoma kwa Mfaransa Monet.

Tahadhari moja ya lugha kabla hatujaanza. Kiswahili kinatutega: rangi ni ule wekundu unaouona, na rangi ni kile kitu kizito kilichomo koponi. Humu "rangi" peke yake ni maana ya kwanza. Kile cha koponi tutakiita rangi ya mafuta.

Vigezo tunavyopimia

Kila njia tunaiuliza maswali yaleyale. Inahitaji nakala gani ya picha: simu inatosha, au lazima usimame mbele ya turubai lenyewe? Inakula muda gani? Inajibu swali la aina gani? Inampotosha mtu wapi? Na inamfaa nani?

Kigezo cha nakala ndicho watu hukiruka, na ndicho kinachoharibu kazi nyingi. Mtu anaandika aya nzima juu ya "upakaji laini" wa mchoraji, kumbe ulaini aliouona ni wa skrini yake.

Picha yenyewe, kwa ufupi

Ina sentimita 130.2 kwenda juu na 185.4 kwenda upande. Iko National Gallery, London, ilikofika mwaka 1886. Wain ni neno la kale la Kiingereza la gari kubwa la shambani. Lakini ilipoonyeshwa mara ya kwanza Royal Academy, chuo cha sanaa cha London, mwaka 1821, Constable aliiita "Mandhari: Adhuhuri" tu, na haikupata mnunuzi. Miaka mitatu baadaye ilipelekwa Paris, kwenye maonyesho ya Salon, na mfalme Charles X akaipa medali ya dhahabu.

Mahali ni mto Stour, kwenye mpaka wa Suffolk na Essex. Mchoraji anatazama kutoka upande wa kinu cha Flatford, kilichokuwa cha baba yake. Kushoto iko nyumba ya mkulima Willy Lott. Katikati, gari tupu la kubebea nyasi limeingia kwenye maji ya kina kifupi pamoja na farasi wake. Ukingoni, upande wetu, kuna mbwa. Karibu na nyumba kuna mwanamke aliyeinama majini, na kulia, kwenye majani ya ukingoni, mvuvi na mashua. Mbali kabisa, ng'ambo ya mto upande wa kulia, wavunaji wa nyasi wako kazini.

Kumbuka pia kwamba kazi hii haikuchorwa mtoni. Ilichorwa London, chumbani, kutokana na michoro ya awali, na ikabidi mchoro wa gari la aina hiyo uagizwe kutoka Suffolk. Hilo litatusaidia baadaye.

Mlango wa kwanza: rangi

*Nakala na muda.* Simu inatosha, ila picha iwe imetoka kwenye tovuti ya jumba la makumbusho lenyewe. Zima ile hali ya usiku inayofanya skrini kuwa ya manjano, na uweke mwangaza wa kati. Kata tundu la milimita 5 kwenye kipande cha karatasi nyeupe au ya kijivu. Tenga dakika 40.

*Hatua.* Weka tundu kwenye sehemu 12: tatu angani, tatu mitini, mbili kwenye malisho, mbili majini, moja paani na moja kwenye hatamu za farasi. Karatasi inaficha kilichozunguka doa, kwa hiyo unaona rangi jinsi ilivyo, bila kuambiwa na akili kwamba "huu ni mti, basi ni kijani". Kwa kila doa andika mambo matatu: jina la rangi, kama ni ya joto (inaelekea nyekundu au manjano) au ya baridi (inaelekea buluu), na namba kuanzia 1 kwa giza hadi 5 kwa mwanga.

Jiwekee sharti hili: neno "kijani" ulitumie mara moja tu. Mara ya pili ulipe jina la kitu. Kijani cha chai iliyochumwa leo. Cha mwani. Cha embe bichi. Cha jani la mgomba lililoanza kukauka pembeni. Ukifika doa la sita utakuwa umegundua kile ambacho mchoraji Mfaransa Delacroix alikiandika katika kumbukumbu zake: kwamba ubora wa kijani katika malisho ya Constable unatokana na kujengwa kwa kijani nyingi tofauti, wakati wachoraji wengi walipaka moja iliyotandazwa.

*Inakuonyesha nini.* Sasa rudi kwenye hatamu. Vipande vya ngozi nyekundu mgongoni mwa farasi ni sehemu ndogo mno ya turubai lenye eneo la karibu mita za mraba 2.4. Vifunike kwa kidole kwenye skrini. Malisho ya nyuma yanapoa, gari linazama kwenye kivuli, na jicho linaanza kutangatanga kutafuta pa kutua. Ondoa kidole, kila kitu kinarudi mahali pake. Kwenye duara la rangi, nyekundu na kijani zinasimama pande mbili zinazokabiliana, na zikikaa jirani kila moja huipa mwenzake nguvu. Doa dogo jekundu linaifanya picha nzima iwe ya kijani zaidi.

Hapo ndipo maelezo yanapogeuka tafsiri. Sentensi dhaifu: "Mchoraji ametumia nyekundu kuvutia macho." Sentensi inayosimama: "Nyekundu ya hatamu ndiyo rangi pekee yenye makali katikati ya kijani na kahawia, kwa hiyo jicho hutua kwenye gari la kazi kabla halijatua kwenye nyumba, na hivyo picha inayodaiwa kuwa ya mandhari inamtanguliza mnyama anayefanya kazi." Ya pili inaweza kubishiwa, na ndiyo maana ina thamani.

Kuna muktadha wa kuongeza hapa. Ladha ya wakati ule ilipenda mandhari ya kahawia, kama kazi za kale zilizofunikwa na vanishi kuukuu. Inasimuliwa kwamba Sir George Beaumont, tajiri mpenda sanaa, alishauri mandhari iwe na rangi ya fidla ya zamani, na Constable akachukua fidla akailaza juu ya majani mabichi ya bustani. Hakuhitaji kusema neno.

*Inapopotosha.* Kosa la kwanza ni kusoma picha kama bendera: nyekundu ni damu, kijani ni matumaini. Hatamu hizi ni nyekundu kwa sababu hatamu zilikuwa na ngozi nyekundu, na kazi yake pichani ni ya macho kwanza. Kosa la pili ni vanishi: ikizeeka huwa ya manjano, na buluu chini yake huonekana kijani. Ukikuta nakala mbili zenye anga tofauti, iamini ya jumba la makumbusho. La tatu ni la tarehe. Wanafunzi hupenda kumtaja Chevreul, mwanakemia aliyeeleza kisayansi namna rangi jirani zinavyobadilishana sura. Kazi yake ilichapishwa 1839, miaka 18 baada ya picha hii. Constable alijua jambo hilo kwa macho na brashi. Vivyo hivyo usiandike kwamba alitumia viridiani, kijani ile angavu. Ilipata hataza mwaka 1859, naye alifariki 1837.

*Inamfaa nani.* Mwenye simu tu na muda mfupi. Pia mtu ambaye tayari kazi yake ni rangi: mshonaji, mpambaji, mpiga picha. Na inawafaa zaidi wanaochambua kazi za miaka ya 1870 na kuendelea. Chukua picha ya Monet ya macheo katika bandari ya Le Havre, ya mwaka 1872, iliyoko Musée Marmottan Monet, Paris. Igeuze nyeusi na nyeupe kwenye simu: jua la rangi ya chungwa linakaribia kutoweka, kwa sababu mwangaza wake unalingana na wa anga inayolizunguka. Jua lile liko kwa rangi tu. Ukiingia kwa mlango wa muundo utapita bila kuliona.

Mlango wa pili: mguso

Nisieleweke vibaya: hakuna kunyoosha mkono, mlinzi atakutoa. Mguso ni hali ya uso wa rangi ya mafuta. Wapi pametulia kama maji ya mtungi, wapi pana vinundu, wapi brashi imekwaruza na kuacha rangi ya chini ichungulie.

*Nakala na muda.* Huu ndio mlango wa gharama. Kilicho bora ni kusimama mbele ya picha. Walioko London wana bahati, kwani National Gallery haitozi kiingilio kwa mkusanyiko wake wa kudumu. Kinachofuata kwa ubora ni nakala ya kidijitali ya jumba lenyewe inayokuzwa mpaka nyuzi za turubai zianze kuonekana. Kitabu cha kawaida hakifai sana. Picha iliyotumwa WhatsApp haifai kabisa, kwa kuwa hubanwa njiani, na kinachokufa kwanza ni vile vitone vidogo unavyovitafuta. Panga saa moja na nusu mbele ya picha, au saa mbili za skrini.

*Hatua.* Ukiwa ukumbini, simama mita 4, kisha mita 1.5, kisha karibu kadiri kizuizi kinavyoruhusu. Kila kituo andika kitu kimoja tu: wapi kitu kimeacha kuwa kitu kikawa rangi ya mafuta. Majani ya mti yanavunjika kuwa mapigo ya brashi ukifika umbali gani? Maji je? Halafu sogea pembeni mwa fremu, taa iteleze juu ya uso. Vinundu vyote vitajitokeza kwa vivuli vyake vidogo.

Kwenye skrini, gawa picha vipande sita, vitatu juu na vitatu chini. Kila kipande kipe alama: nukta, mistari mifupi, uji mzito, upako mwembamba, mkwaruzo. Ukimaliza una ramani ya mkono wa mchoraji.

*Inakuonyesha nini.* Ramani ya The Hay Wain haiko sawasawa. Mbele, kwenye maji, ukingoni na kwenye majani ya karibu, kumejaa vitone na michirizi ya rangi nyeupe iliyoachwa ikae juu ya uso bila kulainishwa. Malisho ya mbali yamelala laini na membamba. Kwa hiyo umbali katika picha hii haukujengwa kwa ukubwa wa vitu peke yake. Karibu pana ghasia, mbali pametulia.

Vile vitone vyeupe vilimletea Constable maneno mengi. Wakosoaji wa London waliviita theluji, kwa dhihaka, na jina hilo likamwandama kwa miaka. Paris mwaka 1824, baadhi ya watazamaji waliona ardhi iliyofunikwa na umande. Kitone ni kilekile. Mmoja anaona kasoro ya upakaji, mwenzake anaona unyevu wa asubuhi unaokaribia kukauka. Ukiweza kueleza kwa nini wote wawili waliona sawa, umeshapata insha yako: kitone cha rangi nzito ya mafuta kinapokea mwanga wa chumba unachosimama, kikameta kweli, si kwa kuigiza. Adhuhuri ya kichwa cha picha inatokea mara mbili, moja imechorwa na nyingine inaanguka kutoka dirishani kwako.

Ukipata nafasi, linganisha na mchoro wa maandalizi wa ukubwa unaokaribia huohuo, ulioko Victoria and Albert Museum, London pia. Pale rangi ya kahawia ya msingi imeachwa wazi sehemu kubwa, na vitu vimetupwa kwa haraka na kwa upana. Wengi leo wanaupenda kuliko picha iliyokamilika. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja: mchoro ule una nguvu, lakini ghasia yake imeenea kote, kwa hiyo ile tofauti ya karibu na mbali haina makali. Constable alipolainisha sehemu za nyuma kwa ajili ya maonyesho, hakuwa anaogopa wakosoaji tu. Alikuwa anapanga.

*Inapopotosha.* Nyufa nyembamba za uzee zinaweza kudhaniwa ni mapigo ya brashi. Nyufa huvuka mipaka ya vitu bila kujali, brashi haivuki hivyo. Pili, turubai nyingi za karne ile zilibandikwa kitambaa kipya mgongoni kwa joto na mgandamizo, na vinundu vikalazwa. Kabla hujasema mchoraji alipaka bapa, soma maelezo ya jumba kuhusu hali ya kazi. Tatu, na hili ndilo baya zaidi, ni kugeuza unene wa rangi ya mafuta kuwa hali ya moyo: palipo pazito alikuwa na hasira. Unene ni uamuzi wa kazi, na mara nyingi ulichukua siku kadhaa kukauka kabla ya upako mwingine. Hasira haisubiri hivyo.

*Inamfaa nani.* Wanaopaka wenyewe, walioko karibu na jumba la makumbusho, na yeyote mwenye matoleo mawili ya kazi moja. Mholanzi Van Gogh ndiye mfano mzuri. Mwaka 1889, akiwa Saint-Rémy kusini mwa Ufaransa, alichora shamba la ngano lenye misaipresi mirefu zaidi ya mara moja. Toleo lililoko Metropolitan Museum, New York, la kiangazi, lina rangi nzito ya mafuta inayosimama kama matope yaliyolimwa. Toleo la National Gallery, London, la Septemba, alilolifanyia chumbani, lina uso uliotulia zaidi. Rangi zinakaribiana, muundo ni uleule. Ukiingia kwa milango ile mingine miwili utasema ni picha moja.

Mlango wa tatu: muundo

*Nakala na muda.* Nakala yoyote isiyokatwa pembeni, hata nyeusi na nyeupe. Na hapa kuna bahati: upana wa The Hay Wain ukiugawa kwa kimo chake unapata 1.42, na karatasi ya A4 iliyolazwa ni 1.41. Ichape kwenye A4 na itajaa karibu bila kupoteza kitu. Dakika 30 hadi 60, penseli, rula, na karatasi ya kupitishia mwanga.

*Hatua.* Gawa theluthi: kwa A4 iliyolazwa ni sentimita 9.9 na 19.8 kwenda upande, 7 na 14 kwenda juu. Kisha fumba macho nusu mpaka vitu vipotee na mabaki yawe mabonge ya giza na mwanga. Yachore mabonge hayo, yasizidi matano. Halafu pitisha mistari mitatu tu: ukingo wa mto upande wetu, mgongo wa miti unaoshuka kutoka kushoto kwenda kulia, na upeo wa macho. Acha hapo. Mwisho, chora mshale mahali jicho lilipoingia na pale lilipotokea.

*Inakuonyesha nini.* Uzito wote uko kushoto: nyumba, miti, kivuli. Kulia ni uwazi na anga. Mbwa ukingoni ameelekea garini, na macho yako yanamfuata. Gari liko majini katikati ya pande hizo mbili, limetoka kwenye uzito na linaelekea uwazi. Upande wa kushoto ni Suffolk, wa kulia ni Essex, kwa hiyo hata ramani ya kweli inakubaliana na mizani ya picha.

Kingine kinaonekana kwa kilichoondolewa. Katika mchoro wa maandalizi kuna mpanda farasi ukingoni, jirani na mbwa. Kwenye picha ya mwisho Constable alimweka, akambadilisha kwa pipa, kisha pipa nalo akalifunika. Kila mara alikuwa akiufungua mlango wa mbele ili jicho lipite moja kwa moja majini. Ukiandika kuhusu muundo, uliza pia nani aliondolewa njiani.

Na uliza nani amewekwa mbali. Wavunaji kwenye nakala yako ya A4 unaweza kuwafunika kwa ncha ya kalamu. Vita na Napoleon viliisha 1815, bei za mazao zikaanguka, na vibarua wa mashamba ya mashariki mwa Uingereza walifanya ghasia mwaka 1816 na tena 1822, mwaka mmoja baada ya picha hii. Mtoto wa mwenye kinu anawachora wanaofanya kazi wakiwa wadogo, watulivu, na wenye jua. Muundo hauwezi peke yake kuthibitisha kwamba alikusudia kuficha kitu. Unaweza kuthibitisha umbali, na umbali ni jambo la kuandikia.

*Inapopotosha.* Ukichora mistari 12 juu ya picha yoyote duniani, mitatu itaangukia kitu cha maana. Hivyo ndivyo kanuni ya uwiano wa dhahabu, ule wa takriban 1.618 kwa 1 unaodaiwa kuleta uzuri, inavyopatikana kila mahali. Kama mstari wako hauelezi kwa nini jicho linakwenda lilikokwenda, ufute. Nakala iliyokatwa nayo huharibu kila kitu: sentimita moja ikipotea kulia, uwazi unapungua na hoja yako inabadilika. Pima uwiano kwanza.

*Inamfaa nani.* Aliye kwenye mtihani, asiye na rangi kwenye karatasi ya maswali, na mwenye shauku ya historia ya jamii. Pia kwa picha zilizo karibu tupu. Friedrich, Mjerumani, alichora kati ya 1808 na 1810 mtawa mmoja ufukweni, picha ambayo anga inachukua zaidi ya robo tatu. Iko Alte Nationalgalerie, Berlin. Rangi ni chache na uso umetulia. Ukianza na hizo utamaliza kwa aya mbili. Anza na muundo: hakuna mti wa pembeni, hakuna njia ya kuingilia, hakuna mahali pa kutua. Uchunguzi wa miale isiyoonekana kwa macho umeonyesha kwamba hapo awali kulikuwa na meli, naye akazifuta. Kama Constable na pipa lake, ila Friedrich alifuta mpaka akabaki mtu mmoja.

Uchague kwa hali yako

Una dakika 45 za mtihani na nakala ya kijivu: muundo, bila kusita. Tumia dakika 10 kwenye mabonge na mistari mitatu, zilizobaki uandike.

Una siku nne na simu nzuri: anza na rangi, sehemu zako 12, kisha uongeze aya moja ya muundo. Mguso uutaje pale tu ulipoukuza mwenyewe kwenye tovuti ya jumba na ukaona.

Uko London, au unapita: nenda na mguso, kwa sababu hizo mbili nyingine utazifanya nyumbani wakati wowote. Anza asubuhi National Gallery, mchana uende Victoria and Albert Museum ukaone mchoro wa maandalizi kabla picha ya kwanza haijapoa akilini.

Unafundisha darasa la watu 40 wenye projekta moja: muundo kwanza, kwa kuwa ukutani rangi za projekta hudanganya na mguso hauonekani. Kisha fanya zoezi la kufunika hatamu kwa kidole. Hata rangi ikiwa imefifia, darasa zima litaona tofauti.

Hujachagua picha bado: angalia nakala uliyonayo ndipo uchague. Monet kwa skrini nzuri, Friedrich kwa karatasi ya kijivu, Van Gogh kama unaweza kupata matoleo mawili.

Na kama tayari umeingia kwa mlango mmoja na hoja imegoma kusogea, usirudi mwanzo. Chukua doa moja tu ulilokwisha kulieleza, mathalani hatamu, uliulize maswali ya milango mingine miwili: limepakwa zito au jembamba, na liko kwenye theluthi ipi?